Kiapo Chako Si Ridhaa ya Mwenzako

Swali hili hunijia kwa sura nyingi, lakini mzizi wake ni mmoja. Mama wa Kiamunyi amepata kazi ya uuguzi Uingereza na anataka kuondoka na mwanawe wa miaka sita. Baba wa Naivasha anataka kumpeleka bintiye Dubai likizo ya Desemba. Kesi ya malezi ingali mahakamani, au wazazi wametengana na hawasemezani. Kisha sauti inashushwa: "Wakili, si unitengenezee tu afidaviti nisafiri na mtoto? Huyo mwingine hana haja ya kujua."

Sitengenezi. Na wale wanaokutengenezea hawakusaidii.

Hebu tuitazame hiyo afidaviti yenyewe, kwa kuwa naona watu wanaitegemea bila kuisoma. Iko tayari kwenye kompyuta ya saiba yoyote iliyo karibu na mahakama, hapa Nakuru, Molo au Naivasha. Mpiga chapa hubadilisha majina na nambari ya kitambulisho tu. Aya ya kwanza: mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu. Aya ya pili: mimi ndimi mzazi wa mtoto huyu. Aya ya tatu: nimemlea peke yangu tangu azaliwe. Aya ya nne: baba yake hajulikani aliko. Aya ya mwisho: yote niliyoyasema ni kweli kwa kadiri ya ufahamu na imani yangu. Muhuri unagongwa, sahihi inatiwa, shilingi mia chache zinalipwa, na mteja anatoka ameishika karatasi ile kama hatimiliki ya shamba.

Muhuri ule unasema nini? Kamishna wa viapo hajathibitisha kwamba ulichoandika ni kweli. Amethibitisha kwamba wewe ulifika mbele yake ukaapa. Basi. Afidaviti ni neno lako mwenyewe, limevalishwa suti. Ridhaa inayotakiwa ni ya mzazi mwenzako, na hakuna kiapo duniani unachoweza kula kikageuka kuwa ridhaa ya mtu mwingine. Hata ukiapa mara kumi mbele ya makamishna kumi, utakuwa umesema wewe tu, mara kumi.

Turudi kwenye aya ya nne, maana ndiyo inayowazamisha watu. "Hajulikani aliko." Siku ya kesi, huyo asiyejulikana aliko anaingia mahakamani na wakili wake, na mkononi ana taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Kila mwanzo wa mwezi pesa zimeingia kwenye simu yako. Karo imelipwa kwa paybill ya shule, na jina la mtoto limeandikwa kama akaunti. Hakimu anaisoma aya ya nne. Anaisoma taarifa. Anakutazama. Kuanzia hapo, hata ukisema leo ni Jumanne atataka ushahidi. Kuapa uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, lakini kwa kawaida adhabu inayouma zaidi haitoki huko. Katika kesi ya kusafiri na mtoto, jambo kubwa ambalo hakimu anajiuliza ni hili: nikimruhusu huyu aondoke, atarudi? Nawe umekwisha kumjibu kwa maandishi, tena kwa kiapo, kwamba wewe ni mtu wa kusema lolote ili uondoke.

Watu hawaachi kuiamini karatasi hii kwa sababu imesimama juu ya imani nyingine za zamani. Nitaziangusha moja moja.

Ya kwanza: "Cheti cha kuzaliwa hakina jina la baba, kwa hivyo baba hayupo kisheria." Cheti kisicho na jina la baba ni cheti chenye pengo, hakimfuti mtu. Kwa miaka mingi sheria yetu ya usajili wa vizazi ilizuia jina la baba ambaye hajaoa kuandikwa bila wazazi wote wawili kuomba. Mwaka wa 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo vipo vyeti vingi vyenye pengo ambalo liliachwa na sheria, na baba anajulikana na kila mtu plotini.

Ya pili: "Hatukufunga ndoa." Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa mama na baba wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa imemwachia mama peke yake mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na Jaji huyo huyo aliukataa mpangilio huo mwaka wa 2013. Sheria ya Watoto ya 2022, katika kifungu cha 32, ikafunga mjadala: wazazi wana jukumu sawa, na hakuna aliye na haki ya juu kuliko mwenzake, mtoto awe wa ndani au wa nje ya ndoa. Ni sheria iliyo kazini tangu Julai 2022. Nashangaa inaposimuliwa bado kana kwamba ni uvumi.

Ya tatu: "Mtoto mdogo ni wa mama." Ni kweli mahakama zetu huelekea kumwacha mtoto mchanga na mama yake pasipo sababu nzito ya kufanya vinginevyo. Lakini kukaa na mtoto na kumhamisha nchi ni mambo mawili. Amri ya kukaa naye mtaa wa Section 58 hapa Nakuru si ruhusa ya kumhamishia Manchester.

Na kina baba wasicheke. Kwao imani ina jina jingine: "Nililipa mahari, mtoto ni wa ukoo wetu." Mahari hayakununua mtoto. Kifungu kile kile cha 32 kinamkata baba kama kinavyomkata mama. Wala barua ya chifu haimsaidii yeyote kati yao. Chifu anaweza kuandika kwamba anakufahamu na kwamba unaishi katika lokesheni yake. Hawezi kuridhia kwa niaba ya mzazi.

Hapo ndipo naambiwa: "Mbona fulani alisafiri na afidaviti hiyo hiyo?" Alisafiri. Ofisa wa uhamiaji pale JKIA ana foleni ndefu. Huenda akamwuliza mzazi mmoja barua ya mwenzake, huenda asimwulize mwingine. Kupita dirishani bila kuulizwa hakukupi haki uliyokuwa huna. Nchi unakokwenda nazo zina maswali yake. Fomu ya viza ya Schengen ya mtoto hutakiwa kutiwa sahihi na wenye mamlaka ya uzazi. Afrika Kusini ilianza mwaka wa 2015 kudai vyeti kamili vya kuzaliwa na ridhaa ya mzazi asiyesafiri, na ingawa baadaye ililegeza masharti, familia nyingi zilikuwa zimekwisha kurudishwa kutoka kaunta ya ndege.

Sasa sababu hasa ya sisi mawakili kuwa wakali. Upo mkataba wa kimataifa, Mkataba wa The Hague wa 1980, unaolazimisha nchi wanachama kumrudisha upesi mtoto aliyetolewa nchini kwake bila haki, kisha kesi ya malezi isikizwe huko alikotoka. Kenya si mwanachama. Tanzania na Uganda pia si wanachama, wala Oman, Saudia na Falme za Kiarabu. Afrika Kusini, Zambia na Zimbabwe ni wanachama, na Uingereza na Marekani pia, lakini mkataba hufanya kazi pale tu nchi zote mbili zimo. Mtoto akitolewa Nakuru kwenda Uingereza, uanachama wa Uingereza haukusaidii kitu. Hata sheria yetu ya kutambua hukumu za nchi nyingine, inayotaja nchi kama Uingereza, Uganda na Tanzania, imeziweka kando hukumu za malezi ya watoto. Amri ya mahakama ya Nakuru ina nguvu hadi Malaba. Ng'ambo ya Malaba ni ushahidi, na jaji wa huko ataupima apendavyo.

Kumtoa mtoto mtaa wa London hapa Nakuru hadi London ya Uingereza ni safari ya siku moja. Kumrudisha kwa njia ya mahakama ni kuanza kesi upya, katika nchi ya watu, kwa ada ya huko, huku mtoto akizoea shule mpya. Jaji wa huko ataangalia maslahi ya mtoto kama alivyo leo, na kila muhula unaopita unampa sababu ya kumwacha alipo.

Polisi je? Wazazi hukimbilia kituoni wakisema mtoto ameibwa. Kifungu cha 174 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu wizi wa mtoto aliye chini ya miaka 14, lakini kinampa kinga anayedai kwa nia njema kwamba ana haki ya kuwa na mtoto huyo. Ndiyo maana ofisa wa zamu anakwambia uende ofisi ya watoto au mahakamani. Hakudharau. Kukiwa na amri ya mahakama iliyovunjwa, mambo hubadilika: hapo kuna kudharau mahakama, na hapo kuna kifungo.

Neno kwa walio ng'ambo, wanaodhani kumleta mtoto kwa nyanyake Molo ni jambo la nyumbani tu. Uingereza ina Sheria ya Utekaji Watoto ya 1984, inayomhusu mzazi pia: kumtoa nchini mtoto aliye chini ya miaka 16 bila ridhaa inayotakiwa ni jinai. Mwenye amri ya kuishi na mtoto anaruhusiwa kumsafirisha kwa muda usiofika mwezi mmoja. Akizidisha, amevuka mstari. Marekani ina sheria yake ya 1993, na kifungo chake hufika miaka mitatu. Nyanya hana kosa kutaka kumwona mjukuu. Kosa linamngoja mzazi siku atakaporudi kazini kwake.

Basi, njia halali, na nitakwenda mbio kwa sababu si za ajabu.

Mnaelewana kiasi? Andikeni. Tarehe ya kwenda na ya kurudi, ndege, anwani, nambari ya simu, siku za kuzungumza na mtoto, na nani atatunza pasipoti. Mzazi anayebaki atie sahihi mwenyewe mbele ya wakili na aambatishe nakala ya kitambulisho. Akiwa nje, afanye hivyo ubalozini au mbele ya mthibitishaji wa huko. Kama kesi iko mahakamani, makubaliano yawasilishwe yawe amri.

Hamwelewani? Omba ruhusa ya mahakama, mapema. Ambatisha tiketi ya kwenda na kurudi iliyowekwa bila kulipiwa, barua ya shule, mwaliko, na uthibitisho wa kazi au nyumba inayokurudisha. Pendekeza dhamana. Mzazi anayenyima ridhaa ili tu akukomoe, mahakama inaweza kumpita. Asiyelipa matunzo hapotezi uzazi wake, lakini hakimu ataiona rekodi yake. Mzazi mwenza amefariki? Cheti cha kifo. Amepotea kweli? Mwonyeshe hakimu ulivyomtafuta. Unakimbia kipigo? Sheria ya Kinga Dhidi ya Unyanyasaji wa Kinyumbani ya 2015 ipo. Omba amri ya ulinzi pamoja na ruhusa ya kusafiri, na usiondoke mikono mitupu. Huna pesa ya wakili? Uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au anzia kwa ofisa wa watoto.

Unahofia mwenzako atatoroka na mtoto? Peleka ombi kwa hati ya dharura: mtoto asitolewe nchini, pasipoti iwekwe mahakamani. Ukipata amri, usiitie kwenye faili. Ipeleke Uhamiaji wewe mwenyewe, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Amri haina miguu. Kumbuka uraia pacha: kunyang'anya pasipoti ya Kenya hakufungi ya pili. Kama mtoto ni Mmarekani, Wizara ya Mambo ya Nje ya huko ina mpango wa kumtahadharisha mzazi pasipoti ya mtoto inapoombwa, jisajili. Na usisahau nchi kavu. Wakenya wazima huingia Uganda kwa kitambulisho tangu 2014, na Busia kuna njia za panya ambazo hazina dirisha la kuuliza chochote.

Ameshaondoka naye? Fungua kesi hapa na utafute wakili huko wiki hiyo hiyo. Kama hujui waliko, DCI inaweza kuomba ilani ya manjano ya Interpol ya kutafuta waliopotea. Usingoje mwezi uishe ukitumaini watarudi wenyewe.

Mpangilio ni huu: ridhaa au ruhusa ya mahakama kwanza, viza baadaye, tiketi ilipiwe mwisho. Ukija ofisini Jumatano na ndege yako ni Ijumaa, nitakwambia uahirishe safari. Ukiniomba afidaviti, nitakupa simu umpigie mzazi mwenzako.