Milima ya Taita yadai redio ya masafa mengi

MWENYE redio ya ridhaa mjini Voi akitegemea masafa ya megahezi 144 pekee, ni vigumu asikike Taveta. Mawimbi hayo husafiri moja kwa moja, na kati ya miji hiyo pamesimama Vuria, mlima wa mita 2,208.

Suluhu ni kuongeza masafa ya megahezi 7. Waya wa mita 20 hivi, ukitandazwa chini-chini, huelekeza mawimbi juu. Mchana anga ya juu huyarudisha ng'ambo ya mlima.

Mitambo yote miwili ikitumia betri moja ya sola, ujumbe wa dharura hupita hata umeme na simu vikikatika. Hata hivyo, leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (CA) hutangulia.