Ramani ya Mahandaki kwa Penseli na Daftari la Hesabu

Wapo mafrateri na vijana wa parokia wanaouliza jinsi ya kuanzisha ule mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huwa mhusika wa hadithi: huyu askari, yule mpiga upinde, mwingine mwizi aliyeongoka. Mmoja wao huwa msimulizi. Huwaeleza wenzake wanachokiona, nao humjibu wanachotenda. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Tangu hapo mahali panapopendwa zaidi na wachezaji ni mahandaki, yaani vyumba na njia za giza chini ya ngome iliyobomoka.

Wengi hukata tamaa wakiona bei ya vitabu vya rangi na sanamu za plastiki. Havihitajiki. Mwezi Januari 2023 wachapishaji wa mchezo huo waliiweka hati ya kanuni zake chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaweza kuipakua, kuinakili na kuigawa kihalali mradi utaje ilikotoka. Ipo kwa Kiingereza, basi atafutwe mmoja wa kuwafasiria wenzake. Dadu za mchezo huu zina nyuso 4, 6, 8, 10, 12 na 20; ukiiondoa ile ya nyuso 10, ni yale maumbo matano ambayo wanafalsafa tumeyakuta kwa Plato katika Timaeus. Usipozipata, andika namba 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi, uvitie katika kopo, na kila kipande kikishachomolewa kirudishwe. Kisiporudishwa, namba zilizobaki zinapata nafasi kubwa zaidi na mchezo unapotoka.

Kwa ramani yenyewe, chukua daftari la hesabu lenye vimraba. Ramani za zamani zilihesabu kimraba kimoja kuwa futi 10. Siku hizi, hasa wanapopigana kwa vipande juu ya meza, huhesabiwa futi 5, yaani kama mita moja na nusu. Mimi hushauri ramani mbili. Ya daftari ni ya msimulizi peke yake. Ya pili ni chumba kimoja tu, kile chenye mapambano, kikachorwa kikubwa nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Vimraba vya sentimita 3 na nusu vinatosha kuweka kizibo cha soda, na vizibo tunavyo tayari kwa ajili ya drafti.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Anayeanza huchora vyumba vitano vilivyopangwa kama mabehewa ya treni: cha kwanza kinaingia cha pili, cha pili cha tatu, hadi mwisho. Akifanya hivyo amewanyang'anya wachezaji mchezo. Aristotle anafundisha kwamba mtu hashauriani na nafsi yake isipokuwa juu ya mambo yaliyo katika uwezo wake na yanayoweza kuwa vinginevyo. Katika ramani ya mabehewa hakuna la kushauriana, ila kusonga mbele au kurudi nyumbani. Jennell Jaquays alilielewa jambo hili mapema. Katika The Caverns of Thracia, iliyotoka mwaka 1979, alichora milango mingi ya kuingilia, njia zinazozunguka na kukutana tena, na ngazi zinazoruka ghorofa. Uzuri wake ni kwamba njia ya mzunguko haigharimu kitu: ni mstari mmoja wa penseli.

Tuchukue mfano. Mfungwa asiye na hatia yuko katika chumba cha 6. Kutoka lango la nje, chumba cha 1, unaingia ukumbini, cha 2. Mlango wa kushoto wa ukumbi unaelekea ghala, cha 3, na wa kulia jikoni, cha 4. Ghala na jiko vyote vinafika kwa walinzi, cha 5, na nyuma yao ndipo alipo mfungwa. Hadi hapo lazima wapite kwa walinzi. Ongeza kisima jikoni, ambacho chini yake kuna mfereji wa maji unaotokea chumba cha 6. Mara moja vijana wanaanza kubishana: tupigane, tuwahonge, au tushuke kwa kamba? Na je, mfungwa mwenye mguu uliovunjika atapandaje kisimani?

Lakini njia mbili hazitoshi. Milango miwili inayofanana kabisa ni bahati nasibu, maana asiyejua anachochagua hajachagua. Weka dalili: harufu ya moshi upande wa kulia, nyayo mbichi za buti upande wa kushoto, sauti ya maji chini ya sakafu. Dalili moja fupi kwa kila mlango inatosha. Andika pembeni mwa daftari.

Ukikosa wazo la umbo, tafuta mchoro wa katakombe za San Callisto, Roma. Zina ghorofa nne na njia za karibu kilomita 20 kwa jumla. Kona moja tu ya mchoro huo inakupa mahandaki tayari.

Wazazi wengine wataogopa, na hofu hiyo si ngeni. Marekani katika miaka ya 1980 mchezo huu ulipingwa sana na baadhi ya Wakristo. Mwonyesheni paroko daftari kabla ya kuanza. Anayeamua nani anaishi chini ya ngome ni msimulizi, wala hapalazimiki kuwa na mapepo: majambazi, mamba na paa linalotaka kuanguka huleta jasho la kutosha.

Vyumba sita hadi vinane ni kazi ya alasiri moja au mbili, kwa sababu vijana hubishana kuliko unavyodhani. Ghorofa ya chini usiichore mpaka wagundue ngazi.