Safari ya Sokoine: IST kuukuu inavyorudishiwa makali kwa bei chee

MECHI ya ugenini Mbeya ina ratiba yake ambayo Bodi ya Ligi haiitangazi. Alhamisi kundi la WhatsApp linachangishana mafuta, Ijumaa jioni gari linajazwa 'full tank', na usiku huohuo watu watano waliovaa jezi wako njiani, ngoma ikiwa kwenye buti na vuvuzela zikichungulia dirishani. Mara nyingi gari lenyewe ni Toyota IST.

Si gari la mashindano. IST za toleo la kwanza zilianza kutoka Japani mwaka 2002 na zikaishia 2007, kwa hiyo hata ile changa kabisa sasa ni mkongwe wa kikosi. Yenye injini ya 1.3 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 87, ya 1.5 ikapewa 109. Uzito wake ni kama tani moja. Pakia mashabiki watano wa kilo 70 kila mmoja, umeongeza kilo 350, karibu theluthi ya gari zima, na ngoma hujaihesabu.

Kutoka Dar hadi Mbeya ni kilomita 830 hivi, na katikati kuna mlima Kitonga. Kwenda unapanda, kurudi unashuka. Hapo ndipo hesabu za gari kuukuu zinapoanzia, kwa sababu kupanda kunataka injini na kushuka kunataka breki, na huo mshuko unakuja wakati dereva amechoka, pengine timu imefungwa na kila mtu ndani ya gari ni kocha.

Kijana akipata laki mbili tatu anakimbilia Gerezani au Ilala 'kuamsha' gari. Kwenda huko si kosa. Shida ni kinachonunuliwa kwanza: ekzosi ya kelele, ea klina ya wazi yenye umbo la uyoga, rimu kubwa za kung'aa. Ni sawa na klabu kusajili mastraika watatu dirisha moja wakati beki wa kati anachechemea. Ekzosi ile inaongeza sauti, basi. Na ule uyoga ukikaa wazi ndani ya boneti unavuta hewa ya moto, ambayo ni nyepesi, hivyo injini inapata pumzi kidogo kuliko ilivyokuwa na boksi lake la kiwandani.

FARASI WALIOPOTEA

Ukweli ni kwamba IST nyingi za mjini hazina hao farasi 87 tena. Wamepotea mmojammoja kwa miaka, na kuwarudisha ni rahisi kuliko kununua wapya.

Plagi zilizochoka, ea klina iliyojaa vumbi na throto iliyoshika masizi ni kazi ya asubuhi moja. Injini hizi zina koili nne, kila silinda na yake. Moja ikilegea gari linaanza kumisi, hasa likikanyagiwa mlimani. Fundi mwenye mashine ya kupimia ataiona ndani ya dakika chache, wakati fundi wa kubahatisha atakuuzia zote nne. Plagi za iridiamu ni nzuri na zinadumu, ila feki zimejaa sokoni. Bora plagi ya kawaida iliyo halisi kuliko iridiamu ya bei ya kutupa.

Kisha kuna themostati. Hapa mafundi wetu wengi wana dhambi moja. Gari likipandisha joto wanaitoa na kuitupa, kisha wanaweka maji ya bomba kwenye rejeta na mteja anaondoka akitabasamu. Injini inatakiwa ifanye kazi kwenye nyuzi joto 80 na ushee. Isipofika hapo, kompyuta inaamini kuwa gari bado ndiyo kwanza limewashwa na inaendelea kumwaga petroli. Gari linakuwa zito na linakunywa mafuta. Themostati mpya pamoja na kulanti vinaweza kubadilisha tabia ya gari kuliko ekzosi yoyote, na bei yake inalipika hata mwezi ukiwa kona.

Kuhusu masega ya ekzosi, yakiziba yanaikaba injini kweli na yanahitaji kubadilishwa. Yakiwa mazima yaachwe. Ndani yana madini ya thamani kama platinamu na paladiamu, na wapo wanaoshauri yatolewe kwa sababu wanajua pa kuyauza.

Hata ukifanya yote hayo, Mbeya itakunyang'anya kitu. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Farasi 87 wanabaki 72. Hewa hiyohiyo ndiyo inayowafanya mawinga wa Pwani washike viuno dakika ya 60 pale Sokoine.

BEKI KWANZA

Soka la Bongo halihitaji kukumbushwa barabara inavyoumiza. Julai 2021 basi la Polisi Tanzania lilipata ajali Moshi na mshambuliaji Gerald Mdamu akavunjika miguu. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji likapata ajali mkoani Lindi timu ikitoka kucheza na Namungo. Hizo ni timu zenye madereva wa kazi. Mashabiki ndani ya IST wana dereva ambaye jana alikuwa kazini mpaka saa 12 jioni.

Chupa ya maji ya breki haifikii bei ya jezi mpya, lakini ndiyo kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Maji hayo hunyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi joto 205 au zaidi, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka ikiwa 140 tu. Shuka Kitonga na watu watano, mguu ukiwa kwenye breki kona hadi kona nyuma ya malori, na hiyo 140 haiko mbali. Yakichemka, kanyagio linazama hadi chini na hakuna kinachoshika. Kuyamwaga yote na kuweka DOT 4, pamoja na pedi za maana mbele na kusafisha dramu za nyuma, ndiyo usajili bora wa msimu. Na mlimani gia ishushwe, injini nayo isaidie kukaba.

Tairi za mtumba zina siri yake ubavuni: namba nne za mwisho. Ikiandikwa 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama kashata zake bado zinavutia. Shokapu zilizokufa zinafanya tairi iruke badala ya kushika lami. Halafu kuna mtindo wa kuinua gari kwa spesa ili lipite matuta. Sawa kwa mitaa ya Goba wakati wa mvua, ila kwenye kona za kasi gari linakuwa refu na linayumba. Kukata springi ili gari lilale chini ni kubaya zaidi, halifai hata kujadiliwa.

Wenye mfuko kidogo hubadili injini ya 1.3 na kuweka ya 1.5 iliyotumika. Ni farasi 22 wa ziada na zinaingia bila vita kubwa, lakini kadi ya gari ina namba ya injini. Isiporekebishwa TRA, siku ya ajali mtu wa bima anaweza kuanza na swali hilo.

Kazi yoyote ifanyike mapema katikati ya wiki, siyo Ijumaa mchana. Gari lipelekwe Kibaha na kurudi, nati za magurudumu zikazwe tena, na asubuhi mtu achungulie uvunguni kuona kama kuna tone lolote sakafuni.