Ng'ambo bila kuuza ng'ombe

Kila likizo inapokaribia, msomaji mpenzi, kuna swali ambalo huingia nyumbani mwako bila kubisha hodi. Mtoto ametazama runinga, ameona panya Mickey akiwapungia mkono watoto wa wenyewe, ameona vigari vikipanda reli taratibu na kuteremka kwa kishindo huku abiria wakipiga mayowe ya furaha. Sasa anataka kujua ni lini na yeye atapelekwa. Wewe unajifanya hukusikia. Unamwambia amalize ugali wake.

Swali hilo halifai kukwepwa. Lijibu kwa hesabu, tena mbele ya mtoto mwenyewe. Chukua kalamu na karatasi. Kati ya viwanja vyote vya Disney ulimwenguni, kilicho karibu zaidi nasi ni kile cha viungani mwa Paris, Ufaransa, kilichofunguliwa Aprili 1992. Tuseme nyumba yako ina baba, mama na watoto watatu wenye umri wa miaka 14, 11 na 8. Tangu Juni 2024, ada ya kuomba viza ya huko ni Yuro 90 kwa mtu mzima, na kwa mtoto wa kuanzia miaka 6 hadi asiyefika 12 ni Yuro 45. Jumla yako ni Yuro 360, kama shilingi 50,000 za Kenya. Pesa hizo hurudishiwi hata ombi likikataliwa. Ukigeukia Marekani, ada ya viza ya mgeni ilipandishwa mwaka wa 2023 ikawa Dola 185 kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Watano ni Dola 925. Hapo hujataja ndege, hoteli wala kiingilio cha hicho kiwanja chenyewe.

Mtoto wa darasa la sita akiiona hesabu hiyo ataelewa bila kukemewa. Lakini usiishie hapo, kwa maana utakuwa umemnyang'anya ndoto bila kumpa kitu badala yake. Mwulize hivi: ng'ambo ni nini? Ng'ambo ni kuvuka mpaka. Na kwa mkazi wa Kisumu, mpaka wa Busia uko kama kilomita 110 tu kutoka mjini. Jinja, kwenye chimbuko la mto Nile, ni kama kilomita 230. Nairobi yenyewe ni mbali zaidi!

Wazee wa Kisumu watakwambia kwamba zamani safari hii ilifanywa kwa meli. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliunganisha Kisumu, Port Bell na Mwanza. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, mali iligawanywa na meli hiyo ikabaki Tanzania. Uhuru, iliyofufuliwa mwaka wa 2019, ni meli ya mizigo. Hivyo basi, wewe na jamaa yako mtakwenda kwa barabara.

Karatasi kwanza, nguo baadaye

Jambo linaloharibu safari nyingi za familia si uhaba wa pesa bali ni karatasi. Tangu mwaka wa 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha kitaifa. Hilo limewafaa watu wazima. Watoto wako hawana kitambulisho. Wao wanahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na ofisi ya uhamiaji itataka kuona vyeti vyao vya kuzaliwa. Usingoje wiki ya mwisho. Ikiwa mtoto anasafiri na mzazi mmoja tu, au na shangazi, beba barua ya idhini kutoka kwa mzazi anayebaki pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Maafisa wa mpakani huwa macho kuhusu biashara ya watoto, na ni heri wawe hivyo, hata kama siku hiyo watakuchelewesha wewe usiye na hatia.

Pili ni chanjo ya homa ya manjano. Uganda hutaka cheti chake kwa kila msafiri kuanzia mtoto wa mwaka mmoja. Chanjo huchukua siku 10 kuanza kufanya kazi, kwa hivyo anayechanjwa Ijumaa ili asafiri Jumamosi hajafanya lolote. La kufurahisha ni kwamba tangu mwaka wa 2016 cheti hicho ni cha maisha. Gharama yake utaitoa mara moja tu. Utakutana na watu wanaouza kadi hizo za manjano bila sindano. Hao waepuke kabisa. Kadi hiyo haimkingi mtoto wako na ugonjwa, na homa hiyo huua.

Isitoshe, sikiliza matangazo ya Wizara ya Afya wiki chache kabla ya kuondoka. Uganda ilipata milipuko ya Ebola mwaka wa 2022 na mwanzoni mwa 2025, na wakati kama huo safari ya kujifurahisha huahirishwa bila mjadala.

Pesa za safari zinatoka wapi? Hapa ndipo baba wengi hukuna kichwa, kwa sababu likizo ya Desemba inafuatwa na Januari, na Januari kuna karo. Maoni yangu ni kwamba Desemba usiiguse. Nauli hupanda, mabasi hujaa, na mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo hatakumbuka tena raha ya Jinja. Nenda Agosti. Ukiweka kando shilingi 100 kila siku kuanzia Januari mosi hadi Julai 31, utakuwa na shilingi 21,200. Si pesa nyingi kwa watu watano, na haziwezi kulipia hoteli ya vioo, lakini kwa siku tatu za kujibana zitakufikisha na kukurudisha. Mkibanwa, gawanyeni safari: mwaka huu Jinja, mwaka ujao Entebbe. Akina mama wenye chama wanaweza kufanya vyema zaidi. Familia tatu zikikodi matatu moja hadi Busia, na nyingine upande wa pili, gharama hupungua na watoto hupata wenzao wa kucheza nao.

Wiki ya Juni 3 usiende Kampala kama huna haja ya kiibada. Hiyo ndiyo sikukuu ya Mashahidi wa Uganda kule Namugongo, na mahujaji hufurika kutoka kila upande, baadhi yao wakitoka Kenya kwa miguu.

Njiani

Anza safari alfajiri. Mabasi makubwa yatokayo Nairobi kwenda Kampala hupita upande wetu usiku, na kuwaamsha watoto saa nane za usiku mpakani ni adhabu kwao na kwako. Heri matatu ya asubuhi hadi Busia, mvuke kwa miguu, kisha mpande gari dogo la abiria upande wa pili. Waganda huliita teksi, usidhani ni gari la matajiri.

Raha ya kwanza mtaipata bure. Pale Maseno barabara inakata mstari wa ikweta, na kuna alama yake kando ya njia. Mtoto anaweza kusimama mguu mmoja kusini na mwingine kaskazini mwa dunia. Watoto wa Ulaya hulipiwa maelfu ili wafanye hivyo.

Busia kuna kituo cha pamoja kilichozinduliwa Februari 2018, ambapo maafisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, kwa hivyo foleni ni moja badala ya mbili. Huku mkingoja, waambie watoto kwamba neno bodaboda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, inasemekana lilizaliwa katika mpaka huu, waendesha baiskeli walipokuwa wakiita abiria wa kuvushwa kutoka mpaka hadi mpaka.

Badilisha pesa kwenye benki au duka lenye leseni, si kwa kijana anayekukimbilia na bunda mkononi. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikileta zaidi ya 25 za Uganda, maana yake shilingi 20,000 zetu hugeuka kuwa zaidi ya nusu milioni. Usijione tajiri! Soda pia ina maelfu yake. Mpe mtoto mkubwa daftari na umfanye mhasibu wa safari. Atajifunza kuzidisha na kugawanya kuliko muhula mzima wa darasani.

Jinja ndiko moyo wa safari ulipo. Mtoto wa Kisumu ameishi kando ya ziwa maisha yake yote bila kujua maji yanakwenda wapi. Mwambie kwamba Nyando, Sondu, Yala na Nzoia huingia ziwani, na hapa Jinja ndipo ziwa linapotokea na kuwa Nile, likaanza safari ya maelfu ya kilomita hadi Misri. Mwingereza Speke alifika hapa mwaka wa 1862. Maporomoko ya Ripon aliyoyaona yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kujengwa; bwawa hilo lilifunguliwa mwaka wa 1954 na Malkia Elizabeth wa Pili, na siku hizi huitwa Nalubaale. Kuna pia sanamu ya Gandhi, kwani sehemu ya majivu yake ilitawanywa hapo mwaka wa 1948. Daraja jipya la nyaya, lenye urefu wa mita 525, lilifunguliwa Oktoba 2018. Litazameni mkipita, lakini bwawani na darajani kamera iwe mkobani. Ni mahali panapolindwa na askari.

Mashua za kwenda hadi chimbuko lenyewe zipo. Patana bei kabla hujapanda, na usikubali mtoto akae ndani bila jaketi la kujiokolea, hata nahodha akicheka. Ziwa hili tunalijua. Mei 21, 1996 meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa.

Mkiwa na siku ya ziada, pitieni Kampala hadi Entebbe. Mabembea ya mitambo yamekuwa Kansanga, kwenye barabara ya Ggaba, katika kiwanja kilichoitwa Didi's World na baadaye Wonder World. Piga simu kwanza kabla ya kumwahidi mtoto, maana mitambo hufungwa kwa matengenezo. Mimi ningechagua kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe, kilichoanza mwaka wa 1952 kama makao ya wanyama yatima. Kiko ufuoni mwa ziwa hilihili. Kuna sokwe, ambao misitu ya Kenya haina, na yule ndege mwenye mdomo kama kiatu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko wageni wengine, basi onyesheni vitambulisho langoni. Kuogelea ufuoni msiruhusu. Kichocho hakijui mpaka.

Chakula kisikutie hofu. Kati ya Jinja na Kampala, kwenye msitu wa Mabira, wachuuzi huja dirishani na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na ndizi za gonja. Mjini mtoto atapenda rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, na moja hushibisha. Kiswahili hakizungumzwi sana huko kama kwetu, ingawa katiba yao ilikitambua kama lugha rasmi ya pili mwaka wa 2005. Wafundishe watoto kusema "webale", yaani asante, na kumwita mwanamume "ssebo" na mwanamke "nnyabo". Mwuzaji huteremsha uso, na mara nyingine hata bei.

Mnaporudi, kagua mizigo kabla ya kufika Busia. Madukani Uganda utafungiwa vitu katika mifuko ya plastiki, wanaiita kavera, na Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 28, 2017 kwa faini zisizo na mchezo. Beba kiondo, hamishia vitu humo na uiache mifuko upande wao. Vuka kabla ya saa kumi jioni, ili giza litakapoingia mwe mmeshapita Luanda.