Usipoziba Ufa wa Sakafu

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo tunapenda kuwakumbusha ndugu zetu wa Sengerema, hasa wakaao visiwa vya Kome na Maisome, kwamba upo ufa ambao hatari yake si kubomoka kwa nyumba, bali ni maradhi ya walalao ndani yake.

Mwambao wa ziwa letu umejaa majabali ya matale. Ndani ya matale mna chembe za urani, nazo zikivunjika polepole huzaa gesi iitwayo radoni, isiyo na rangi wala harufu. Nje, upepo huitawanya. Katika chumba kilichofungwa hujikusanya, na mionzi yake hudhuru mapafu. Shirika la Afya Duniani limeihesabu miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu, na mvuta sigara yumo hatarini zaidi. Mwaka 2009 Shirika hilo lilipendekeza kwamba kiasi chake majumbani kisizidi bekereli 100 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, pale inapowezekana.

Sehemu kubwa ya gesi hii hutoka ardhini chini ya nyumba kuliko ukutani. Hivyo mwenye uwezo aisakafie nyumba yake kwa saruji, azibe nyufa, na ukuta wa mawe aupige lipu. Hata hivyo, kuziba peke yake hakutoshi, maana saruji nayo hupasuka. Hewa lazima ipite. Tunafahamu kwamba saruji ikivushwa kwa chombo hadi kisiwani bei yake hupanda. Lakini kufungua dirisha hakuna gharama, na mbu huzuiwa kwa wavu.

Kwa upande wa viongozi, hatuna budi kusema wazi. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo iliyokabidhiwa kisheria dhamana ya kinga dhidi ya mionzi. Halmashauri ziiombe ipime madarasa, zahanati na nyumba zilizojengwa juu ya majabali, na matokeo yasomwe katika mikutano ya vijiji, yasifungiwe makabatini. Si haki kumtaka mvuvi anunue saruji kabla hajaambiwa kipimo cha nyumba yake.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifaulu kwa sababu wananchi walielezwa, wakaelewa, wakatenda. Njia ni ile ile. Viongozi wapime na waeleze. Nasi wananchi tuzibe nyufa na tufungue madirisha.