Shupaza, Kopa, Uru, Pau: Kutunga Wimbo kwa Karata za Taroti

Kila ukikaribia usiku wa utamaduni kilio ni kilekile: wapigaji hapa Stockholm tunao, ala zipo, ila nyimbo mpya hakuna. Kila utunzi ni theluji, kubeba maboksi na kumkumbuka mama. Si vibaya, lakini ukishasikia wa tatu umechoka. Ipo njia moja ya kupata wazo, nayo ni kuchukua picha ya karata ya taroti na kuigeuza wimbo.

Najua wengine mmeshasema audhubillahi. Tulieni kidogo. Karata hizi zilizuka kaskazini mwa Italia karne ya 15, tena kwa mchezo tu, kama sisi na albastini. Habari za kuagulia zilianza kuvuma Ufaransa miaka ya 1780. Mtunzi haagui kitu, anatafuta picha. Ambaye imani yake inamkataza hata kuzishika, basi achukue michoro ya kanga, kazi ni ileile.

Na kumbe majina yake tunayo siku zote! Mreno alituachia pwani shupaza, kopa, uru na pau. Kwao maana yake ni panga, vikombe, dhahabu na fimbo, na hizo ndizo alama nne za taroti. Mswidi yeye kopa anaiita hjärter, yaani mioyo. Kwa hiyo hapo sisi tuko karibu zaidi na Italia ya kale kuliko wenyeji wetu.

Pakiti inayojulikana zaidi ilitoka London mwaka 1909. Aliyeichora ni Pamela Colman Smith, mwanamke aliyeishi Jamaika utotoni na kuandika kitabu cha hadithi za Anansi, yule buibui mjanja aliyevuka bahari na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Huyu mama alikuwa akisikiliza muziki, kina Bach na Debussy, huku akichora alichokiona ndani ya sauti. Sisi tunarudi kwa njia aliyopita.

Tuchukue sita ya shupaza. Mwanamume anasukuma mashua kwa upondo. Mbele yake kaketi mwanamke aliyejifunika, na mtoto pembeni, na panga sita zimesimama mashuani. Hatuwaoni nyuso. Sasa jiulize: wanatoka wapi? Nani kabaki ufukweni? Mbona panga hawazitupi majini? (Mimi nadhani wakizing'oa mashua itaingia maji.) Usianze na maneno. Anza na upondo: unazama, unasukuma, unatoka. Huo tayari ni mdundo, upige kwa sita kwa nane kama ngoma nyingi za kwetu. Sauti ya mwanamke iingie baadaye, chini, na mtoto awe kiitikio.

Au nane ya kopa: mtu kavaa joho jekundu, ana fimbo, anaondoka usiku na kuacha vikombe vinane vimepangwa vizuri, mwezi unamtazama. Ni nani kati yetu asiyemjua mtu huyo? Ila wewe usiimbe "nilipanda ndege Dar". Imba vikombe.

Hapa ndipo taarab inapotuzidi wote kwa akili. Bi Kidude alipoimba Muhogo wa Jang'ombe hakuna aliyedhani ni somo la kilimo. Fumbo linamwachia msikilizaji kazi yake. Kwa hiyo kosa kubwa ni kuitaja karata ndani ya wimbo, au kuieleza maana yake kama ilivyo vitabuni. Wimbo unakuwa risala.

Mnaotaka kuona msanii mwingine aliyelewa picha hizi hadi mwisho, Niki de Saint Phalle alijenga bustani nzima ya taroti huko Toscana, sanamu za karata 22, ikafunguliwa kwa umma mwaka 1998. Italia ni nauli, lakini wanawake wake wanene wa rangi, aliowatengeneza pamoja na mashine za Jean Tinguely kwa maonyesho ya Montreal ya 1967, wako hapahapa Skeppsholmen, nje ya Moderna Museet. Kuwatazama ni bure. Nendeni na kinasa sauti, si kamera.