Sura ya 4: Kuba na Boriti

Msafiri wa Ikutha akifika Kibwezi hushika barabara kuu ya Mombasa, na mwisho wake, ndani ya Mji wa Kale, atauona Msikiti wa Mandhry na mnara wake mnene unaochongoka kwenda juu. Kwa kawaida msikiti huo husemwa ulijengwa mwaka 1570. Miaka hiyohiyo, huko Edirne, Sinan, fundi mkuu wa dola ya Osmani, alikuwa akimjengea Sultani Selim wa Pili msikiti wa Selimiye.

Kuba la Selimiye lina upana wa mita 31 hivi. Kuba zito halielemei chini tu, husukuma kuta kwenda nje. Sinan aliligawa shinikizo hilo kwa nguzo 8 nene zilizosogezwa pembeni, zikisaidiwa na matao na nusu-kuba, hata anayeswali katikati hana kinachomkinga asiione kibla. Wengi husifu minara yake mirefu. Mimi nashangazwa zaidi na uwazi huo.

Mombasa hesabu ilianzia mkokoni. Boriti ya mkoko ni ngumu na mchwa hawaiwezi kwa urahisi, lakini chini ya dari ya mawe na chokaa haivuki salama zaidi ya mita 3 hivi. Fundi akitaka nafasi pana zaidi, sharti aongeze nguzo. Katika Msikiti Mkuu wa Gedi safu ya nguzo ya katikati imenyooka kuelekea kibla yenyewe, na waumini walipanga safu zao huku na huku.

Waosmani walifika pwani hii kwa silaha. Kamanda wao, Mir Ali Bey, alikuja mwaka 1585, baadaye akarudi tena na merikebu chache, akajiimarisha Mombasa. Machi 1589 Wareno kutoka Goa walimshinda na kumteka. Muda huo haukutosha kuacha kuba.

Lakini asidhani mtu kwamba pwani ililisubiri kuba kutoka kwa Waturuki. Kilwa, katika karne ya 14, Msikiti Mkuu ulipanuliwa ukaezekwa makuba na dari za matao, kwa vipande vya matumbawe vilivyoshikwa na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Ni makuba madogo, yamekaa juu ya nguzo zilizokaribiana, na yalikuwepo zaidi ya miaka 100 kabla Waosmani hawajaitwaa Konstantinopoli mwaka 1453.